Kielelezo cha Saba

Mama alianika mashuka meupe Jumanne moja tu,
akayaanua yana madoa kama mgongo wa chui.
Hapo ndipo alipofungua daftari.
Tarehe tisa Machi. Saa kumi na moja alfajiri.
Harufu ya mayai viza. Moshi wa manjano, bomba la tatu.
Alivyojisikia hakuandika.
Hakuwa mtu wa kulilia kwenye karatasi.

Hapa Kesslerton, Pennsylvania, mto unapopinda,
tanuri za makaa hazilali.
Dalili ya mvua ni mawingu;
yetu yalikuja bila mvua,
yakaketi juu ya paa la shule
kama mgeni asiyejua kuaga.

Mkaguzi wa serikali alifika, akatazama juu,
akaandika barua.
Kiwanda kikajibu kwa barua.
Barua zikaoana, zikazaa barua,
na mtoto wa Bernadine Sokolik
akanunuliwa kipulizio cha pili cha pumu.

Sheria ni msumeno, hukata mbele, hukata nyuma.
Wetu ulitundikwa ukutani, katika ofisi ya mbali,
meno yote mazima, mpini una vumbi.
Nani angetuambia
kwamba raia naye anaruhusiwa kuushika?

Alituambia wakili Noreen Tagliaferro,
kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa,
kati ya birika la kahawa na viti vya kukunja:
serikali ikisinzia, mnaweza kushtaki nyinyi.
Toeni ilani. Hesabuni siku sitini. Kisha nendeni.

Ushahidi hatukuuiba.
Kiwanda chenyewe kiliuandika, kila robo mwaka, kama kilivyoamriwa:
mlango wa tanuri ya kumi na nne ulivuja, dakika arobaini;
mlango wa tanuri ya kumi na nne ulivuja;
mlango wa tanuri ya kumi na nne.
Kurasa elfu mbili za kukiri
pasipo toba.
Mzee Otis Fairley, fundi bomba mstaafu,
alizisoma zote kwa kioo cha kukuzia,
penseli nyekundu mkononi,
akikohoa mwisho wa kila ukurasa
kana kwamba anaweka nukta.

Ndugu yangu Emil anafanya kazi kwenye tanuri hizo.
Mlango wa kumi na nne ni wake.
Jumapili alikula nasi, hakusema lolote.
Chumvi ilikuwa mbele yangu;
akamwomba mke wangu, aliyekuwa mbali nayo.

Mahakamani walileta mtaalamu mwenye chati za rangi
akathibitisha kwamba hewa yetu mbaya
ililetwa na upepo kutoka kwingine.
Jaji akavua miwani:
"Na mlango nao uliletwa na upepo?"

Tulishinda. Neno hilo ni kubwa kuliko kilichotokea.
Faini ilikwenda hazina ya taifa,
hata senti moja haikupita mtaani kwetu.
Tulipata milango mipya,
vipimo viwili juu ya uzio,
na hukumu ya kurasa sitini na moja
ambayo Bernadine ameihifadhi kabatini
nyuma ya sahani za Krismasi.

Mama hakuiona.
Ukurasa wake wa mwisho una tarehe, una saa,
halafu nafasi nyeupe
nyeupe kuliko mashuka yale.
Daftari likapewa jina jipya na karani,
likagongwa muhuri: Kielelezo cha Saba.
Baada ya rufaa kushindwa nilikwenda kulidai.
Nikatia sahihi mara tatu
kwa kitu kilichonunuliwa duka la mboga.

Wiki iliyopita Emil alikuja.
Akasema, macho kwenye viatu vyake,
kwamba mlango ule haumpulizii tena usoni.
Basi. Akaketi.
Akaniomba chumvi.

Leo asubuhi nimepitisha kidole dirishani.
Kimetoka kijivu. Si cheusi; wala si kisafi.
Nikafungua daftari, pale alipoachia.
Tarehe tisa Machi.
Kijivu.